Mboji Isiyo na Dawa

Jumatatu, 3 Machi

Mboji imefika. Lori zima! Dereva amemwaga nusu ndani ya geti na nusu juu ya viatu vyangu, kisha akasema hakuniona. Nilikuwa nimevaa overoli ya kijani yenye jina la shirika mgongoni, kila herufi kubwa kama sahani. Hakuniona.

Nimetia mkono hadi kwenye kiwiko. Imepoa, nyeusi, inapukutika vizuri, haina harufu. Mwaka huu samadi yake imetoka kwa mfugaji mpya — yule wa zamani kauza ng'ombe wake kahamia kwa mwanawe. Kabla ya kukubaliana, mimi na Mkurugenzi tulimbana huyu mpya kwa maswali mpaka akatuonea huruma. Unapulizia dawa? Hapana. Bandani je? Hapana. Kwenye samadi yenyewe, kuzuia nzi? Akasema nzi ni wageni wake wa kila siku, awafukuze kwa uso gani. Mkurugenzi alifurahi sana. Kila bango letu limeandikwa "bila dawa", na Mkurugenzi anayapenda mabango yetu kuliko anavyotupenda sisi.

Wengine ofisini wana miti ya asili ya kando ya kijito, wengine wana shule. Mimi nina mboji na mbegu, kwa bustani zote za jamii, kanda nzima. Mume wangu huwaambia watu niko idara ya kuoza.

Wanabustani walijaa na ndoo zao kabla lori halijageuka. Fundi bomba, ambaye tuta lake linapakana na la Dada yangu mkubwa, aliinusa akasema kwa mboji hii hata yeye akipandwa ataota nywele. Ana upara unaong'aa. Tulicheka wote, hata mimi, na viatu vyangu vile.

Jumatano, 5 Machi

Dada amekubali. Hatimaye!

Kampeni yetu ya mbegu za zamani haina ugumu: lete mbegu ya kwenu, panda bustanini, vuna, nusu chukua, nusu iingie kwenye ghala la shirika isije ikapotea. Watu wameleta mchicha, maboga, nyanya ndogo za njano. Mimi nimekuwa nikimsumbua Dada kuhusu maharage ya Mama tangu mwaka jana. Yale ya zambarau iliyokoza, yenye doa jeupe pale kwenye kitovu. Mama aliyapata kwa mama yake. Mama yake aliyapata kwa nani, hakuna aliyeuliza. Sijayaona popote pengine, na kutafuta ndiyo kazi yangu.

Mama aliyapanda nyuma ya jiko kila msimu mpaka macho yalipomwishia. Sasa anaishi na Dada, na uani kwa Dada ni saruji tupu. Hayajagusa udongo kwa misimu kadhaa. Mbegu nazo huchoka. Nilimwambia Dada, ukingoja tena hayataota.

Akasema, "Wewe mdogo wangu ukishika jambo ni kama kupe." Halafu akasema haya, tupande. Nikamwambia abakize konzi moja nyumbani kwenye kopo, kwa tahadhari tu. Akaniuliza kama namwona mtoto.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kupanda. Hotuba, picha, jua kali. Mkurugenzi alishika jembe kwa ajili ya picha, na kusema kweli alilishika vizuri kuliko nilivyotarajia.

Dada alipanda tuta namba saba peke yake, mbegu moja moja, jicho la haragwe likitazama chini kama Mama alivyotufundisha. Alinikataza nisimsaidie. Nilisimama pembeni na ndoo ya maji kama mshenga.

Mpiga picha alimwomba acheke. Hakucheka. Picha hiyo ndiyo watakayotumia kwenye bango, naijua ofisi yetu.

Nilipita kwao wakati wa kurudi. Mama akauliza tumeyapa nafasi? Tumeyafunika kidogo tu? Tumeyasalimia? Dada akamjibu, "Tumeyasalimia, Mama. Yameuliza hali yako." Mama akaridhika, akarudi kwenye redio yake.

Jumapili, 16 Machi

Yameota! Karibu yote. Yanainua vichwa na udongo bado yameubeba. Dada amekuwa mtu wa kusalimia watu njiani, jambo geni kabisa.

Nilikula kwao mchana. Mama alikuwa amepika mwenyewe wakati Dada yuko bustani akimwagilia — kwa kupapasa tu, sufuria, chumvi, kitunguu, kila kitu. Dada alimgombeza kuhusu moto. Mama akasema alikuwa anapika kabla Dada hajajua kutambaa. Maharage laini, mchuzi mzito. Nilirudia sahani. Dada naye akarudia, huku bado anagomba.

Jumatatu, 24 Machi

Kuna kitu tuta namba saba.

Majani ya kwanza, yale mawili mapana, yako sawa. Yanayofuata yamejikunja. Kingo zimeinuka ndani, kama mtu aliyekinga mkono apewe kitu. Mashina yamepinda, mengine yamelala kabisa. Siyo kiu, udongo una unyevu. Siyo wadudu, nimegeuza jani moja moja hadi shingo ikauma.

Fundi bomba akaniita kwake. Nyanya zake zimesuka nywele, akasema. Ni kweli. Vijani vyembamba, vimejisokota, huwezi kuamini ni nyanya.

Mahindi ya tuta namba tisa hayana shida. Yako kijani, yamenyooka, yanatucheka.

Dada aliniuliza ni nini. Nikasema sijui bado. Nikaongeza kwamba inawezekana ni ubaridi wa usiku. Kwa nini niliongeza hilo! Hakujawa na ubaridi wowote.

Jumanne, 25 Machi

Mkurugenzi amekuja kutazama. Alichuchumaa bila kugusisha goti chini, maana suruali ilikuwa ya kikao. Akasema ni virusi. Akasema kila msimu kuna virusi. Nikamuuliza virusi gani vinashika maharage, nyanya na maboga siku moja, na kuruka mahindi. Akasema mimi ndiye mtaalamu. Akaingia garini.

Jioni nimejaza vikombe vya plastiki. Vinne mboji ya lori hili, vinne udongo wa kawaida wa nyuma ya nyumba. Maharage ya dukani kwenye vyote. Nimevipanga dirishani sebuleni. Mume wangu ameuliza kama wageni watakaa kitaluni au watakaa sebuleni. Nimemwambia hatuna wageni. Akasema kwa mpango huu hatutawapata.

Alhamisi, 27 Machi

Nimekwenda kwa mfugaji.

Mtu mkarimu mpaka inachosha. Kiti, maziwa, habari za ng'ombe mmoja mmoja kwa tabia zake. Huyu mpole, huyu mchokozi, huyu ameachwa na ndama hajapona moyo. Banda safi kuliko ofisi yetu. Nimezunguka lote. Hakuna kopo la dawa, hakuna pampu ya kupulizia, hakuna kitu. Alipoona natafuta aliumia.

"Mama, mimi sikuwadanganya," akasema. "Mimi na dawa wapi na wapi? Hata panya sijawahi kuwatilia."

Nilikuwa naaga. Nikaona marobota ya nyasi kavu, yamepangwa hadi kwenye paa. Nikauliza, nyasi hizi unakata mwenyewe? Akasema hapana, malisho yake hayatoshi, ananunua kutoka shamba kubwa kule bondeni. Nyasi za daraja la kwanza! Akavuta konzi zima anionyeshe. "Tazama mwenyewe. Humo hutakuta hata gugu moja."

Nikauliza kwa nini hakuna hata gugu moja.

Akatazama zile nyasi mkononi.

Ipo dawa ya aina hiyo. Inaua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi zikistawi. Ng'ombe anakula, haimdhuru, anaitoa nyuma kama alivyoipokea. Inakaa kwenye samadi, inakaa kwenye mboji, hata ukigeuza lundo mara ngapi. Mahindi ni jamaa wa nyasi, ndiyo maana yanacheka. Maharage ni ya majani mapana.

Tuliuliza kila swali kuhusu kinachotoka kwa ng'ombe. Hakuna aliyeuliza kinachoingia. Sisi! Shirika zima lenye mabango.

Nilimaliza maziwa kwa sababu alikuwa ananitazama. Alinisindikiza hadi barabarani bila kutaja ng'ombe hata mmoja.

Ijumaa, 28 Machi

Kikao, ofisini. Feni inazunguka na kulia kila ikifika upande wa dirisha. Mezani kulikuwa na mabango mapya, bado yamefungwa. La juu kabisa lilikuwa na picha ya Dada asiyecheka.

Nilieleza. Nilieleza vizuri, nadhani, bila kupandisha sauti. Mkurugenzi akavua miwani, akaifuta na tai. Si mtu mbaya. Alipouliza swali la kwanza lilikuwa la maana: lundo lililobaki limeenda wapi? Nikamwambia limebaki kwetu, halijapelekwa bustani nyingine. Akaagiza lifunikwe turubai, lisiguswe. Hapo nilimheshimu.

Swali la pili lilikuwa nani mwingine anajua.

Wafadhili wanakuja Jumamosi ya tarehe kumi na mbili. Wanataka kuona mbegu za zamani, na hasa lile tuta la kwenye bango. Akasema mpaka wapite, jambo hili libaki ndani ya chumba hiki. Wakishaondoka tutawaambia watu wote, kwa utaratibu. Anapenda neno hilo, utaratibu.

Nikasema Dada yangu ana haki ya kujua leo. Akasema ndiyo, Dada yako mwambie. Lakini mwambie kama dada, siyo kama shirika.

Nimetoka nikijaribu kuelewa maana yake. Mpaka sasa sijaipata.

Jumapili, 30 Machi

Nimemwambia.

Alikuwa anafua uani. Alisikiliza mpaka mwisho huku anakamua shuka. Akauliza, "Kwa hiyo mboji yako ndiyo imeyaua." Nikasema hayajafa. Akasema, "Mboji yako." Nikasema ndiyo.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Akatundika shuka, akabana kibanio cha mwisho, ndipo akasema basi si neno, lile konzi liko kabatini, tutaanza upya msimu ujao kwenye udongo ambao haujasoma. Akaingia ndani kulichukua. Nilimsikia akihamisha vitu. Kabati lilifunguliwa, likafungwa, likafunguliwa tena.

Akatoka na kopo. Ndani kulikuwa na vibanio vya nguo.

"Mama," akasema. "Maharage yaliyokuwa humu?"

Mama, aliyekuwa amekaa mlangoni, akapunguza redio. "Yepi?"

"Yaliyokuwa kwenye hili kopo, Mama. Nyuma ya unga."

"Si tulikula?" Mama akasema. "Siku ile mliyorudia."

Redio ilikuwa inatangaza matokeo ya mpira. Mama akageuza uso huku na huku kututafuta. Akasema alidhani tumeyasahau pale, na maharage yakisahaulika huingia wadudu. Akasema yalikuwa machache, akayaongezea ya gunia ili tushibe. Akasema, kwani vipi?

Dada akasema, "Hakuna kitu, Mama. Yalikuwa matamu."

Nilijikuta nacheka. Sikuweza kujizuia, nilitoka nikasimama nyuma ya shuka mbichi nikacheka mpaka machozi, kisha yakabaki machozi tu. Dada alikuja akasimama upande wa pili wa shuka. Alisema na wewe ulirudia sahani, mlafi wewe. Sauti yake haikuwa ya utani.

Sasa yaliyobaki duniani ni yale ya tuta namba saba.

Jumatatu, 31 Machi

Tumeondoa mboji kwa vijiko. Vijiko vya chai! Jembe lingekata mizizi. Tulianza asubuhi, Dada upande ule, mimi upande huu, tunakwangua kuzunguka kila shina, tunatia kwenye ndoo, tunarudishia udongo wa kijitoni uliochujwa. Kisha maji mengi, kuisukuma dawa iliyobaki ishuke chini zaidi ya mizizi. Ndivyo inavyosemekana. Sijawahi kufanya.

Hakunisemesha. Kijiko chake na kijiko changu ndivyo vilivyokuwa vinaongea.

Adhuhuri Fundi bomba alifika, akatutazama, akauliza sukari tunaweka ngapi. Dada alicheka. Kidogo, puani. Lakini alicheka, na mimi nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Fundi bomba hajaambiwa kuhusu nyasi. Alinishukuru kwa kuhangaika. Nilitazama ndoo.

Jumamosi, 5 Aprili

Maharage ya vikombe vya mboji yamejikunja, yote manne. Ya udongo wa nyuma ya nyumba yamenyooka. Sikuwa na shaka, lakini nilikaa nikayatazama kwa muda mrefu. Mume wangu alikuja akatazama pia. Hakufanya utani. Akasema, "Pole." Nikamwambia asante.

Tuta namba saba: karibu nusu yamekufa. Yaliyobaki yamesimama na mikono yao ile iliyokinga.

Jumatano, 9 Aprili

Jani jipya! Shina la tatu kutoka mwisho. Dogo, limekunjuka vizuri kabisa, bapa. Nimeliangalia kwa mbele na nyuma. Kisha nikapata jingine. Kisha manne.

Si mengi. Mengine juu bado yamejisokota. Lakini mizizi imepita, inakunywa kusiko na dawa. Yakifika kutoa maua, yakitoa hata maganda matano, mbegu itakuwa ile ile. Dawa inamtesa mzazi, haimgeuzi mtoto. Nilimweleza Dada hivyo hivyo kwa simu. Akasema nirudie. Nikarudia.

Akaja mbio akiwa na aproni ya jikoni.

Alhamisi, 10 Aprili

Mkurugenzi kaniita. Hakunikalisha.

Matuta yote yaliyoharibika yang'olewe kabla ya Jumamosi. Kitalu kinaleta miche ya maua na mahindi iliyokwisha kua, itapandikizwa hapo hapo. Namba saba pia. Hasa namba saba, kwa sababu ndilo liko kwenye bango.

Nikasema namba saba linapona. Akasema ameliona asubuhi, na kwa macho yake halifanani na kitu kinachopona. Nikasema lipewe wiki tatu. Akasema, "Wafadhili hawaji kutazama wagonjwa."

Nikamweleza kuhusu kopo. Nilimweleza yote, mpaka Mama na gunia. Alisikiliza. Aliguswa, niliona. Akasema anasikitika sana, kwa moyo wake wote, na kwamba kama wafadhili wakijitoa, bustani zote za kanda zitafungwa, siyo tuta moja. Na miti ya kijitoni. Na mshahara wangu, ingawa hakusema hilo, alitazama tu overoli yangu.

Anachosema siyo uongo. Ndiyo kinachonikera.

Akasema ni mimi wa kung'oa namba saba, siyo wale wa kujitolea. Kwa heshima ya familia. Nikasema nimesikia. Ofisini kwetu "nimesikia" maana yake ni ndiyo.

Ijumaa, 11 Aprili

Wa kujitolea wamefanya kazi nzuri mno. Nyanya za Fundi bomba zimeondoka, maboga yameondoka, matuta yamesawazishwa na maua yamesimama kwenye mistari. Fundi bomba aliambiwa ni virusi. Akasema virusi hivi vina nguvu, vimeacha tu upara wake. Akachukua maua aliyopewa, akayapanda bila kunung'unika. Nilijisikia vibaya. Nilikuwa nimesimama hapo hapo.

Namba saba sijagusa. Nilimwambia msimamizi wa kitalu aweke trei za miche pembeni, nitamaliza mwenyewe kesho alfajiri.

Nimempigia Dada. Ilibidi. Nikasema nimeagizwa. Akauliza nimeagizwa nini. Nikasema. Simu ikakatika, au aliikata.

Mume wangu anasema nitafute namna ya kuhamisha machache usiku huu kwenye ndoo. Maharage hayahamishiki yakiwa na umri huu, mizizi ikiguswa yanazira. Haya hata kupumua yanapumua kwa shida. Nilimjibu kwa ukali, halafu nikamwomba radhi.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika nimekaa kwenye toroli, bustanini. Kalamu ni ya shirika.

Nilifika kabla jua halijapanda. Nilidhani niko peke yangu. Dada alikuwa ndani ya tuta, katikati kabisa, na Mama amekaa kwenye stuli ya plastiki pembeni, khanga mabegani. Wamekuja kwa miguu, na Mama siku hizi hata kufika geti la kwao ni safari.

Nikaamkia. "Marahaba, mwanangu," Mama akasema. Dada aliendelea kutazama mimea.

Nilieleza tena. Wafadhili, bustani zote, kijito. Nilieleza vizuri, kama nilivyoelezwa mimi. Nikasema sina namna. Dada akasema ameelewa, kwani alisema hajaelewa? Akamshika Mama mkono, akauelekeza kwenye mmea ulio karibu naye. Mama akapapasa. Jani la chini, lililojikunja, akalipitisha kati ya vidole. La juu yake. La juu yake tena. Akafika kileleni, akatulia.

"Hapa kuna ua," akasema.

Sikuwa nimeliona. Jana halikuwapo. Ni dogo, jeupe, bado halijafunguka, limejificha chini ya jani. Mama hakuliachia.

Dada akanitazama, mara ya kwanza leo. "Haya, ng'oa," akasema. "Anza na hilo alilolishika Mama."

Aliondoka akaenda kusimama kwenye uzio, mgongo kwetu.

Sikufanya kitu. Mama aliniuliza kama nimekula asubuhi. Nikasema ndiyo. Akasema mwongo.

Saa tatu gari la wafadhili limeingia. Wako kwenye banda la bustani wanakunywa chai. Nasikia hotuba, nasikia wakicheka mahali pa kucheka. Mkurugenzi alitoka akaja haraka, suti ya kijivu, viatu vinamumunya matope. Ameona toroli. Tupu, isipokuwa mimi. Ameona trei za maua. Ameona Mama, akainama akamwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo Mama," na Mama akaitikia, akamuuliza yeye ndiye mwenye bustani? Akasema hapana, Mama, ni ya jamii. Mama akasema vizuri, basi atazame, maharage yake yameanza kutoa maua.

Alitazama. Nadhani aliliona.

Kisha akanigeukia, akaongea chini chini. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. Akasema nina muda mpaka wamalize chai. Akasema wakiuliza, mimi ndiye mtaalamu, mimi ndiye nitakayejibu. Akarudi bandani, akafuta viatu kwenye nyasi kabla ya kuingia.

Fundi bomba amefika na shati la kutokea. Ameegemea uzio karibu na Dada. Sijui wanaongea nini. Amegeuka akanitazama, hatabasamu. Ameshaambiwa kuhusu nyasi, basi.

Jembe liko pale kwenye bomba, hatua chache tu. Nimeinuka mara mbili kulifuata. Mara zote mbili nimerudi na ndoo ya maji, nikamwagilia upande wa Mama, taratibu, nisilowanishe ua.

Wanarudisha vikombe. Mlango wa banda umefunguka. Mkurugenzi yuko mbele, anaonyesha kwa mkono huku na huku, mahindi, maua, kijito kule chini. Mwanamke mmoja mwenye kofia ameshatoka kwenye msafara. Ana lile bango mkononi. Anatazama picha, anamtazama Dada pale kwenye uzio, anakuja moja kwa moja huku kwetu.